Siku nane Aislandi: kaeni kusini, msizunguke kisiwa

Kaka, umeuliza kama wewe na wifi mnaweza kukodi gari na kuizunguka Aislandi nzima kwa siku nane, na kama mwende Februari au Septemba. Nimefika huko mara mbili kutoka Hamburg ninakoishi, Oktoba kwanza, kisha Machi. Safari ya kwanza niliipanga vilevile unavyoipanga wewe, ndiyo maana nakusihi uache huo mzunguko.

Najua ramani inavyoshawishi. Barabara Namba Moja inaizunguka nchi kwa kilomita zaidi ya 1,300, na ukigawa kwa siku nane unaona kila siku haifiki hata mwendo wa Dar hadi Morogoro. Mimi na mume wangu tulipiga hesabu hiyohiyo, tukalipia vyumba vyote kabla ya kuondoka, kila usiku mji mpya. Siku ya tatu tukiwa Vík, upande wa kusini, ukaja upepo. Sisemi upepo wa kusi unaotikisa minazi. Huu ulishuka kutoka kwenye barafu na milima kwa mikupuo, gari limeegeshwa na breki ya mkono imevutwa, bado linayumba. Barabara ya kuelekea mashariki ikafungwa. Tukakaa Vík siku mbili tukiangalia mvua ikipita dirishani kwa ubavu. Ilipofunguliwa, siku zilizobaki hazikutosha kumaliza mzunguko, tukageuza. Vyumba vinne tulivyolipia hatukuviona hata milango yake, na pesa haikurudi.

Kwa hiyo swali lako la kwanza lingekuwa hili: nikipoteza siku moja au mbili kwa hali ya hewa, safari yangu inabaki safari? Ukizunguka kisiwa kwa siku nane, jibu ni hapana. Ukikaa kusini na magharibi, jibu ni ndiyo.

Mara ya pili tulifanya hivi. Usiku wa kwanza na wa pili Reykjavík, mji mkuu ulio magharibi, kisha siku nne katika nyumba moja karibu na Vík, halafu tukarudi Reykjavík kumalizia. Katika zile siku nne, moja haikuwa na mpango wowote. Upepo ukija, tunaitumia. Usipokuja, tunapata siku ya ziada. Ulikuja, na safari hii haukutuharibia kitu.

Kuhusu mwezi, nenda Septemba, ikiwezekana nusu ya pili. Mwanzoni mwa Februari jua linachomoza kama saa nne asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na barabara zina utelezi wa barafu. Umesema wewe hujawahi kuendesha kwenye barafu, tena kule wanaendesha kulia. Usijifunzie mambo mawili kwa mpigo huku wifi yupo pembeni yako. Kama likizo yako haiwezi kuhama Februari, basi usikodi gari kabisa. Kaeni Reykjavík mpande mabasi ya watalii, madereva wake wamezizoea njia hizo. Mwishoni mwa Septemba urefu wa mchana unakaribia saa kumi na mbili kama kwetu, lami kwa kawaida haijaganda, na usiku una giza la kutosha kuziona taa za kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani. Juni na Julai hazionekani, kwa sababu usiku hauingii giza.

Hizo taa msizikimbize kilomita mia usiku wa manane. Tovuti ya idara yao ya hali ya hewa, vedur.is, ina ramani ya mawingu. Tafuta palipo peupe, zima taa za nyumba, toka nje. Tuliziona usiku wa tatu tukiwa mlangoni tumejifunga mablanketi, pazia la kijani linajikunja na kujikunjua juu ya mlima, bila sauti. Mume wangu si mtu wa kulia, lakini usiku ule alilia.

Sasa Þingvellir. Watu wengi hupita pale kwa nusu saa wakikimbilia chemchemi ya Strokkur, inayorusha maji ya moto kila baada ya dakika chache, na maporomoko ya Gullfoss. Nyinyi tengeni nusu siku. Pale ndipo Waaislandi walipoanzisha bunge lao mwaka 930, uwanjani, chini ya ukuta wa mawe. Na huo ukuta ni ukingo wa ufa: upande mmoja bamba la Amerika ya Kaskazini, upande wa pili la Ulaya na Asia, na yanaachana kama sentimita mbili kwa mwaka. Mtu aliyesimama juu ya Bonde la Ufa pale Naivasha au Manyara ataitambua ardhi hiyo mara moja. Nilipokuwa nikiitazama nikakumbuka kwamba wahandisi wengi wa Kenya wanaochimba jotoardhi Olkaria walipelekwa Aislandi kusomea kazi hiyo. Jotoardhi la Aislandi ndilo linalopasha nyumba za Reykjavík joto. Ukifungua bomba la maji ya moto utasikia harufu ya yai viza, usiogope. Ya baridi ni safi, mnywe moja kwa moja, msinunue ya chupa.

Kutoka Vík hadi Jökulsárlón ni kama kilomita 190 kwenda tu. Ondokeni asubuhi. Ni ziwa lililojaa vipande vya barafu vikubwa kama nyumba, vingine vyeupe, vingine rangi ya buluu, vinaelea polepole kuelekea baharini, na sili wanachungulia katikati yake. Ziwa hilo halikuwapo miaka mia moja iliyopita. Lilianza kwenye miaka ya 1930, barafu ilipoanza kurudi nyuma, na linazidi kupanuka. Sisi ambao wazee wetu wametusimulia kilele cha Kilimanjaro kilivyokuwa cheupe, mahali pale panatunyamazisha. Vukeni pia barabara mwende ufukweni, vipande vidogo hulala juu ya mchanga mweusi vinang'aa.

Mchanga mweusi mwingine uko Reynisfjara, jirani na Vík, na hapo nataka uwe mkali. Bahari inatulia, mawimbi madogo matano, sita, kisha linakuja moja linalopanda hadi watu walipodhani ni pakavu. Watu wamekufa pale. Kuna taa za tahadhari njiani, zitiini. Kuzoea bahari ya Hindi hakusaidii kitu, msiipe mgongo ile.

Gari: chukueni lenye bima ya changarawe, na ya mchanga na majivu pia. Lakini nyingi hazilipi mlango uliopinduliwa na upepo. Wangu ulipinduliwa, nikalipa mfukoni. Egesha pua ya gari ikiutazama upepo, shika mlango kwa mikono miwili, na mmoja ashuke baada ya mwingine. Nje ya miji, kwenye lami mwisho ni kilomita 90 kwa saa, changarawe 80, taa zinawaka mchana kutwa. Ukiona maandishi Einbreið brú, mbele kuna daraja la gari moja. Kila asubuhi fungua umferdin.is kwa hali ya barabara kabla ya kunywa chai. Sheli nyingi hazina mhudumu, pampu inataka kadi yenye namba ya siri, kwa hiyo ihakikishe na benki yako ungali Dar.

Chakula ni ghali sana, hapo sitakuficha. Tafuteni nyumba yenye jiko, nunueni supamaketi ya Bónus, bebeni chupa ya chai. Supu yao ya kondoo inastahili pesa yake. Soseji za mitaani watakuambia ni za kondoo, lakini huchanganywa na nguruwe, muwe na habari.

Umeuliza pia kuhusu volkano. Rasi ya Reykjanes, ulipo uwanja wa ndege wa Keflavík, imelipuka mara nyingi tangu 2021, na mji wa Grindavík ulihamishwa Novemba 2023. Milipuko hiyo hutoa lava ardhini, si wingu la majivu kama lile la 2010 lililosimamisha ndege za Ulaya, hivyo uwanja umeendelea kufanya kazi. Angalieni tovuti ya usalama wa wasafiri, safetravel.is, na bwawa la Blue Lagoon, lililo kwenye rasi hiyohiyo, msilipie bila kusoma masharti ya kurudishiwa.

Viza ni ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya. Ombeni kupitia ubalozi unaoiwakilisha Aislandi, kwa kuwa ndiko mtakakokaa siku nyingi, hata mkipitia Amsterdam. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla, na bima ya matibabu iwe ya yuro 30,000 kwenda juu. Hadi viza itoke, wekeni vyumba vinavyofutika bila malipo tu.

La mwisho, ongea na wifi mapema kuhusu mabwawa ya kuogelea ya mtaani. Msiyakose, maji ni ya moto, mko nje, theluji au mvua inawaangukia kichwani, na wenyeji huzungumza na wageni mle kuliko mahali pengine popote. Lakini kabla ya kuingia ni lazima kuoga kwa sabuni bila nguo yoyote, wanawake kwao na wanaume kwao, na bafu mara nyingi ni la wazi. Mimi niliyelelewa Tanga nilisimama mlangoni nikataka kurudi. Baadhi ya mabwawa yana vyumba vya faragha vyenye pazia. Aulize mapokezi, watamwonyesha.