Episodi 15 kati ya 74

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Nani bado anatunza diski za muvi nyumbani, na anazitunzia nini?" Mimi ninalo sanduku moja tu, na lenyewe ni nusu hadithi. Nusu gani, hata robo halifiki vizuri. Ndani mna episodi 15 za kwanza za Monster, katuni ya Kijapani ya mauaji na upelelezi. Mfululizo mzima una episodi 74.

Lilifika Tanga mwaka 2010 ndani ya begi la shemeji yangu aliyekuwa akiishi Marekani. Mama alilipindua mkononi, akauliza nina umri gani hata niletewe katuni. Nilikuwa na miaka 26 na tayari nafundisha sekondari.

Kizingiti cha kwanza kilikuwa deki. Wauza DVD waliigawa dunia katika kanda, na deki husoma diski za ukanda wake tu: diski za Marekani hufungiwa ukanda wa 1, na deki zilizotengenezwa kwa soko la huku kwetu ni za ukanda wa 5. Deki yetu, ambayo baba aliinunua kwa mkopo na kuifunika kitambaa cha kufuma, iliitema diski kila nilipoisukuma ndani. Deki ya Kichina ya jirani yetu Baba Zuhura, ya bei ya kuku wachache, haikuuliza diski imetoka wapi. Basi nikawa nakwenda kwao kila baada ya Isha, na sanduku langu kwapani.

Watoto walikimbia episodi ya pili, wakisema hakuna ngumi. Baba Zuhura alibaki. Alikuwa polisi mstaafu, na nadhani mwanzoni alibaki kwa heshima tu.

Kwa asiyeijua: ni mwaka 1986, mjini Düsseldorf, Ujerumani Magharibi. Kenzo Tenma ni daktari Mjapani, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Siku moja anaamriwa kumwacha mfanyakazi Mturuki aliyefika kwanza ili ampasue mwimbaji maarufu. Mturuki anakufa, na mjane wake anamwendea Tenma akitaka arudishiwe mumewe. Kwa hiyo siku nyingine, mtoto aliyepigwa risasi kichwani anapofika kabla ya meya, Tenma anakataa amri, anampasua mtoto. Mtoto anapona. Meya anakufa, na cheo cha Tenma kinakwenda naye. Miaka tisa baadaye anagundua kwamba yule mtoto, Johan, amekuwa muuaji wa kutisha. Tenma anaacha kazi, anatafuta bunduki, anaanza kumsaka aliyemwokoa, huku polisi wakimsaka yeye.

Siendelei hapo, maana wapo ambao hawajaitazama.

Anayemsaka Tenma ni Inspekta Lunge wa polisi ya shirikisho. Akisikiliza maelezo, vidole vyake vinacheza hewani kana kwamba anachapa, na kila alichokichapa hakimtoki kichwani. Kwa hesabu zake Johan hayupo kabisa, ni upande wa pili wa Tenma mwenyewe. Baba Zuhura alimchukia tangu dakika ya kwanza. "Huyu si mpelelezi, mwalimu, huyu karani," alisema. Lakini kufikia diski ya pili nilimkamata vidole vyake vinagonga mkono wa kiti.

Sifa ambayo wengi huihesabu kasoro ni mwendo. Naoki Urasawa aliichora hadithi hii katika vitabu 18, kuanzia 1994 hadi 2001, na studio ya Madhouse, chini ya mwongozaji Masayuki Kojima, haikutaka kuruka mengi. Ukitarajia Tenma akimbizane na Johan kila usiku, utalala. Kuna episodi nzima ya mzee aliyekuwa askari wa kukodiwa, anayemfundisha Tenma kulenga shabaha. Mzee huyo analea binti kutoka Burma, na mama wa binti aliuawa na mzee huyo huyo. Kuna nyingine ya daktari wa kijijini na bibi mkaidi asiyetaka kutibiwa. Johan haonekani. Ila polepole unaona Tenma anapimwa: kila anapokwenda kuua, njiani anakuta mtu wa kutibu. Wajapani walipewa episodi moja kwa wiki, tangu Aprili 2004 hadi Septemba 2005. Sisi tulikuwa tunakula mbili kwa usiku, na bado Baba Zuhura alilalamika kwamba tunakwenda mbio.

Na hapa ndipo jibu langu lilipo. Hadithi ya namna hii haikatiki vipande. Episodi ya 15 ilipoisha, tulikuwa tumeshafika kwenye magofu ya Kinderheim 511, kituo cha watoto yatima cha Berlin Mashariki ambako Johan alipitia, na huko Frankfurt mambo ya wafuasi wa Wanazi mamboleo yalikuwa ndiyo kwanza yanachemka. Halafu menyu ikarudi kwenye kioo. Baba Zuhura akaniuliza sanduku la pili liko wapi.

Halikuwapo. Kampuni iliyokuwa na haki za Marekani ilitoa sanduku la kwanza mwishoni mwa 2009 na haikuendelea, kwa kuwa mauzo hayakuridhisha. Siwezi kulaumu wanunuzi. Umempa mtu mlango na sebule ya nyumba yenye vyumba 74, kisha unashangaa mbona hajapenda chumba cha kulala? Episodi hizo 15 ni msingi mtupu. Ingelikuwa ni katuni ambayo kila episodi ina jambazi wake na pingu zake, ungeweza kuiuza kwa mafungu kama nyanya. Hii hapana. Inachekesha kwamba tafsiri ya sauti za Kiingereza ilifanywa yote mpaka episodi ya 74. Kazi ilikuwepo, sanduku ndilo lililokosekana.

Nikafanya walichofanya wengi. Nilipata diski ya kuchoma kwenye banda moja, yenye episodi karibu thelathini zilizobanwa humo kama dagaa. Ndiyo ikanifundisha kwa nini diski halali ina thamani. Monster ni hadithi ya giza: korido, mvua, kahawia na kijivu, sura ya Johan nusu kwenye kivuli. Picha ikibanwa kupita kiasi, kitu cha kwanza kufa ni kivuli. Kinageuka vigae vyeusi vinavyorukaruka, na mahali ulipotakiwa kujiuliza kama kuna mtu amesimama pale, unajiuliza kama deki imechafuka. Tena aliyefasiri alifasiri mazungumzo tu. Barua na maandishi ya ukutani aliyaacha, na katika hadithi hii wauaji huandika. Tulitazama ukuta uliojaa maneno, mimi na polisi mstaafu, kama wageni kwenye kesi yetu wenyewe.

Zilizobaki nilizipata mwaka 2013 kwenye flashi ya mwanafunzi, safi kidogo. Nilizimaliza kwa kompyuta ya shule, peke yangu, wakati wa likizo. Baba Zuhura nilimsimulia barazani, jioni baada ya jioni, na akanikatiza kila Lunge alipotajwa.

Tangu 2023 Monster ipo Netflix katika nchi kadhaa, na wanafunzi wangu wanaijua kwa njia zao. Sina ugomvi nao. Ila kule, majina ya watengenezaji yakianza tu kupanda mwishoni mwa episodi, kitufe cha episodi inayofuata kinakuja juu yake. Mwisho wa kila episodi ya Monster una wimbo wa taratibu sana na michoro ya kitabu cha watoto, na hicho kitabu si pambo, kimo ndani ya kesi. Kwenye sanduku langu hakuna anayekuharakisha. Unakaa na ile michoro mpaka iishe, halafu unanyanyuka kubadili diski, na kwenye hizo hatua tatu za kwenda kwenye deki ndipo Baba Zuhura alipokuwa anasema neno lake la maana.

Kwa hiyo ninalitunza. Si kwa ajili ya kutazama mwisho, maana mwisho haumo.

Mwezi uliopita shemeji alinipigia, akasema Australia waliwahi kuitoa yote kwa DVD, na akipata seti iliyotumika atainunua. Nikamwambia ya Australia ni ukanda wa 4. Akacheka, akauliza kama ile deki ya jirani bado inawaka. Nimemtuma mwanangu akaulize.