Dhahabu Haijui Unachokitafuta

Kila muhula napata ujumbe wa wanafunzi wawili watatu, wengi wao wa uzamili hapa Nairobi, wakiniuliza jambo moja kwa maneno tofauti: nimejenga kihisi changu cha plasmoni, yaani kifaa cha kupima vitu vidogo sana kwa mwanga na dhahabu, mstari kwenye skrini unapanda vizuri, mbona msimamizi wangu haniamini? Nimeona afadhali niandike jibu mahali pamoja. Swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe, na jibu nililipata baada ya kupoteza miezi minne.

Nieleze kwanza kilichonivuta. Mwaka 2004, sumukuvu, au aflatoksini kama tulivyozoea kuiita, iliingia kwenye mahindi ya Ukambani. Watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Nyanyangu anaishi Makueni. Ubaya wa sumu hii ni kwamba macho hayatoshi: punje inaweza kuonekana safi na bado imebeba sumu, na kuipika hakuiondoi. Nilipofika chuoni na kusikia kwamba kuna njia ya kupima vitu vidogo kiasi hicho kwa mwanga na utando wa dhahabu, sikutaka kusikia mradi mwingine.

Njia yenyewe ni hii. Unachukua kioo kilichopakwa dhahabu nyembamba sana, unene wa nanomita 50 hivi (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Unakibandika chini ya mche wa kioo, kile kipande cha pembetatu, na kupiga leza kupitia mche huo. Mwanga unarudi kama kwenye kioo cha kujitazamia, isipokuwa kwenye pembe moja tu. Hapo unamezwa. Elektroni za dhahabu zimeanza kuyumba zote pamoja, kama maji ndani ya karai lililosukumwa, na nguvu ya mwanga imeishia humo. Kuyumba huko kwa pamoja ndiko plasmoni. Mpangilio huu aliueleza mwanafizikia Kretschmann mwaka 1968, na mwaka 1983 watafiti wa Uswidi wakaonyesha kwamba unaweza kuhisi gesi na protini. Pembe ya kumezwa inategemea kilichogusana na dhahabu upande wa pili. Kukiwa na hewa ni nyuzi 43 au 44. Ukiweka maji inaruka hadi nyuzi 70 na kidogo. Tena mawimbi ya kuyumba huko hayafiki mbali: nanomita 100 au 200 kutoka kwenye dhahabu, basi. Ndiyo maana kihisi kinaona kilichonata juu ya dhahabu na hakishughuliki sana na kinachoelea mbali.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi tunapoangukia. Kijiko ndani ya glasi ya maji huonekana kimevunjika. Kiasi cha mwanga kupinda ndicho dhahabu inachokisoma, na hicho tu. Haisomi sumu. Haisomi kingamwili, ile protini inayoshika kitu kimoja maalumu. Chumvi hupindisha mwanga, sukari hupindisha, methanoli, ambayo ni aina ya pombe, hupindisha, baridi ya jioni huongeza mpindo. Vyote vikifika kwenye dhahabu vinasogeza pembe, na kwenye skrini vinaandika mstari uleule.

Ilikuwa Julai. Anayeijua Nairobi ya Julai anajua: asubuhi unaingia maabara na sweta, jua likijitokeza saa nane unaivua, saa kumi na mbili unaitafuta tena. Nilikuwa nimebandika kingamwili kwenye dhahabu, na saa tisa na nusu alasiri nikaingiza maji niliyoyakamua kutoka kwenye unga wa mahindi. Mstari ukaanza kupanda. Polepole, laini, bila kuruka, hadi saa moja usiku. Nilimpigia mama simu nikamwambia nimeipata.

Mzee aliyekuwa akitunza vifaa vya maabara ile alikuja akasimama nyuma yangu, akaitazama skrini kwa muda.

"Binti yangu, hayo ni mahindi au ni jioni?"

"Sijakuelewa, mzee."

"Kesho weka maji matupu. Saa zilezile. Usiguse kitu."

Kesho yake niliweka maji yaliyochujwa kwenye dhahabu tupu, bila kingamwili, bila mahindi. Saa tisa na nusu mstari ukaanza kupanda. Kufika saa moja usiku ulikuwa karibu palepale ulipofika jana yake.

Hesabu ni rahisi ukishaijua. Maji yakipoa kwa nyuzi moja tu, kiwango chake cha kupinda mwanga huongezeka kwa takriban sehemu moja kwa elfu kumi. Kihisi kizuri cha aina hii huona badiliko la sehemu moja kwa milioni. Kwa hiyo nyuzi moja ya joto ni mara mia ya kitu kidogo kabisa unachojaribu kukiona, na chumba changu kilikuwa kimepoa kwa nyuzi tano.

Basi ushauri wangu wa kwanza, na kama utasoma huu peke yake nitaridhika: siku nzima ya kwanza iwe ya maji matupu. Si saa moja, siku nzima, asubuhi hadi usiku. Kipima joto kibandike kwenye chuma kinachoshika mche, usikiache ukutani, na joto liandike kila dakika kando ya usomaji wa mwanga. Ukichora mistari miwili ikatembea pamoja kama ndugu, bado huna kihisi cha sumu, una kipima joto cha bei ghali. Mimi nilifunika mtambo wote kwa sanduku la foma, lile wanalobebea samaki, nikatoboa matundu mawili ya mwanga na mirija. Lilipunguza mtikisiko wa joto kuliko kitu chochote nilichokuwa nimesoma kwenye makala za kitaalamu.

La pili, gawanya dhahabu sehemu mbili. Upande mmoja weka kingamwili ya kile unachokitafuta, upande wa pili weka kingamwili isiyohusika kabisa. Maji yaleyale yapite pande zote mbili kwa wakati mmoja, kisha toa usomaji wa pili kutoka kwa wa kwanza. Joto, chumvi na methanoli vitagusa pande zote sawa na vitaondoka kwenye hesabu. Kitakachobaki ndicho cha kumpelekea msimamizi. Kitakuwa kidogo sana kuliko ulichozoea kuona, na itauma. Kwangu kilibaki chini ya sehemu moja ya kumi.

Methanoli niitaje peke yake kwa sababu inawapotosha wengi wanaopima mahindi. Sumukuvu hutolewa kwenye unga kwa methanoli iliyochanganywa na maji, mara nyingi asilimia 70. Ukiyaingiza maji hayo kwenye kihisi kilichozoea maji safi, mstari utaruka papo hapo, na ukiyaondoa utaanguka papo hapo. Kitu kinachonata kweli hupanda kwa mkunjo na hakikubali kuondoka upesi. Punguza makali ya methanoli, kisha maji yako ya kawaida yawekee kiasi kilekile cha methanoli kabla ya kuanza.

Kuna jambo lingine ambalo laiti ningeambiwa mapema. Molekuli ya sumukuvu ya aina iitwayo B1 ina uzito wa 312 tu kwenye kipimo cha molekuli. Kingamwili ina takriban 150,000. Ukibandika kingamwili kwenye dhahabu na kusubiri sumu inate juu yake, ni sawa na kuweka gunia kwenye mizani na kutaka kujua kama nzi ametua. Geuza mpango. Sumu ndiyo ibandikwe kwenye dhahabu, ikiwa imefungwa kwenye protini. Kingamwili uichanganye na maji ya unga kwenye kichupa, usubiri, kisha uipitishe. Kama unga una sumu, kingamwili zitakuwa zimeshashikana nayo kichupani na ni chache zitakazonata kwenye dhahabu. Kama unga ni safi, zitanata nyingi. Mstari mfupi ndio wenye habari mbaya. Na shika hiyo sumu kwa glavu, ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta hewa. Inaleta saratani ya ini.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Leza ndogo nyekundu ya nanomita 650 niliipata Luthuli Avenue, na kishikilio cha mche nilichongewa kwa alumini na fundi wa Kamukunji, ambaye aliuliza maswali mazuri kuliko jopo lililonisahihisha. Kati ya mche na kioo cha dhahabu tia tone la mafuta ya hadubini, yale ya lenzi ya kuzamishwa, maana yanapinda mwanga karibu sawa na kioo. Leza za bei nafuu hubadilisha rangi kidogo zikipata joto, kwa hiyo stima ikipotea na kurudi, subiri nusu saa, na usiunganishe usomaji wa kabla na wa baada kana kwamba hakuna kilichotokea. Maji yaliyotoka kwenye friji yataleta viputo yakipata joto ndani ya mrija, na kiputo kimoja juu ya dhahabu kinaharibu alasiri nzima. Yachemshe, yafunike, yapoe mezani.

Ila jaribio hili moja usiliruke. Mwanga wa leza hutikisika kuelekea upande fulani. Plasmoni huamshwa na mwanga unaotikisika kuelekea dhahabu. Ule unaotikisika sambamba na dhahabu hauwezi. Izungushe leza kwa robo duara. Lile giza kwenye pembe yako lazima lipotee. Lisipopotea, unachokiona ni doa, au mafuta, au ukingo wa mche, na hakuna hesabu itakayokigeuza kuwa plasmoni.

Usafi wa dhahabu nao una hatari zake. Utakuta maelekezo ya kutumia asidi ya sulfuriki iliyochanganywa na haidrojeni peroksaidi. Mchanganyiko huo ukikutana na asetoni au masalia ya pombe unaweza kulipuka. Kama hujafundishwa ana kwa ana na mtu aliyekwisha kuutumia, uache. Na kabla ya kupitisha sampuli, pitisha protini ya kuziba sehemu zilizobaki wazi. Hata protini ya maziwa ya unga yasiyo na mafuta hufanya kazi hiyo. Bila hivyo protini za mahindi zitanata popote, na dhahabu itazisoma kwa uaminifu uleule.

Kwa asiye na leza wala mche, anza na chembe. Umekwisha kuziona bila kujua: ule mstari mwekundu kwenye vipimo vingi vya haraka vya malaria ni chembe za dhahabu, ambazo hunyonya mwanga wa kijani wa nanomita 520 hivi na kutuachia wekundu. Njia ya kuzitengeneza ya mwanakemia Turkevich, ya mwaka 1951, inahitaji chumvi ya dhahabu, sitreti (chumvi ya asidi ya limau) na maji yanayochemka. Chupa isuuze hadi uchoke, maana masalia ya sabuni yanatosha kuharibu kila kitu. Ukitia sitreti, maji ya manjano hafifu hupoteza rangi, kisha huingia kijivu kizito kama anga kabla ya mvua, kisha zambarau, na ghafla unajikuta na nyekundu ya bitiruti iliyozimuliwa. Nimefanya mara nyingi na bado naacha kila kitu nitazame. Lakini maelekezo mengi yameandikwa kwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Hapa kwetu, zaidi ya mita 1,600 juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Fuata rangi, usifuate dakika za kitabuni, na uandike joto lako.

Ukitia chumvi ya mezani kidogo kwenye wekundu huo, utageuka zambarau hadi samawati. Chumvi imeziondolea chembe kinga ya umeme iliyozitenganisha, zimekaribiana, na elektroni za chembe jirani zinayumba pamoja. Vipimo vingi vya kubadilika rangi vimejengwa juu ya jambo hilo. Basi jiulize sampuli yako ina chumvi kiasi gani kabla ya kutangaza kwamba rangi imegeuka kwa ajili ya sumu.

Wenye hadubini wananiuliza kama wanaweza kuziona chembe hizo. Unaweza kuona mwanga wake. Mwanafizikia Abbe alieleza mwaka 1873 kwamba hadubini ya kawaida haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nusu ya urefu wa wimbi, yaani nanomita 200 na zaidi kidogo. Kata kiduara cha karatasi nyeusi, kiweke chini ya kondensa, lenzi inayokusanya mwanga chini ya sampuli, ili mwanga wa katikati uzibwe na ule wa pembeni tu upite, tumia lenzi ya ukuzaji mdogo na chembe za nanomita 80 au zaidi. Uwanja utakuwa mweusi wenye nukta. Vumbi huwaka jeupe. Chembe moja moja huelekea kijani, zilizoshikana huelekea chungwa na nyekundu. Ila nukta si umbo: upana unaouona ni wa mwanga uliotawanyika, na mwanafunzi aliyepima nukta kwa rula akaandika ukubwa wa chembe amejipimia lenzi yake.

Mimi nilipo sasa, baada ya sanduku la samaki na dhahabu ya pande mbili, naweza kutofautisha unga safi na unga niliotia mikrogramu 20 za sumukuvu kwa kilo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni 10, kwa hiyo sijafika. Nyanya ameniahidi debe la mahindi ya mavuno ya Machi, litakuja na basi la kutoka mji wa Wote, Makueni. Maji matupu yataingia kwanza, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa moja usiku.