Barazani kwa Bi Muuguzi: Pesa za Muscat na kijiko cha chumvi

*Asalaam alaykum Bi Muuguzi, na shikamoo. Sisi ni vijana 14 wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Micheweni, Pemba, tunafanya kazi Muscat. Tumechanga miaka mitatu, na sasa mfuko wetu una rial 2,400. Mwaka jana mtoto wa dada yangu aliendesha siku mbili tu, akafariki. Tangu hapo tunataka tufanye jambo la maana kwa watoto wa kwetu. Wenzangu wanataka tujenge chumba cha matibabu, tuweke na jiwe lenye majina yetu. Mmoja anataka tununue vidonge vya kuongeza damu tugawe kijiji kizima. Mimi nimekwama. Lipi lina faida zaidi?*
*— Mwana wa Micheweni, Muscat*

Waalaykumu salaam, na marahaba mwanangu. Mwenyezi Mungu amjaalie mtoto huyo awe kitangulizi chema kwa wazazi wake.

Nianze na jiwe, tulimalize. Najua chumba kimoja, pahala sipataji, kilichojengwa kwa pesa za watu wa nje na nia safi kabisa. Kilizinduliwa kwa dufu na pilau. Muuguzi hakupangwa hata siku moja, kwa sababu hakuna aliyeuliza mapema kama yupo wa kupangwa. Nilipopita mara ya mwisho mlango una kufuli na mbuzi wamejilaza barazani wakipunga upepo. Rial zenu ni zaidi ya shilingi milioni 15. Kuta zitapatikana. Mshahara wa muuguzi wa mwaka wa pili mtautoa wapi?

Vidonge vya kuongeza damu ndipo ninapokuzuia kwa mikono miwili. Jambo hili lilipimwa Pemba kwenyewe, kwa watoto wenu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 24,000 wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35. Baadhi yao walipewa kila siku madini ya chuma na asidi ya foliki, ndiyo yaliyomo kwenye vidonge hivyo. Sote tulitegemea kuwaona wamenawiri. Mwaka 2003 wasimamizi wa usalama wakaamuru chuma isitishwe: waliokuwa wakiipata walilazwa au kufariki zaidi kuliko wenzao, kwa kiasi cha asilimia 12. Malaria wakati huo ilikuwa imetamalaki, na chuma ya kugawiwa kila mtu bila kupimwa ikawa inawadhuru wengine. Matokeo yalitoka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake. Mtoto aliyepimwa akakutwa hana damu, daktari ndiye atakayemwandikia. Lakini kusimama uwanjani na mfuko wa vidonge mkigawa kama tende za futari, hapana.

Sasa turudi kwa mtoto wa dada yako. Hukuniambia alipewa nini katika siku zile mbili. Ndani ya nyumba mlikuwa na pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini? Na kama ilikuwapo, nani alijua kuichanganya? Nauliza kwa sababu dawa ya maradhi yale dunia inayo tangu zamani, na bei yake haizidi soda. Hata hivyo watoto zaidi ya laki 4 walio chini ya miaka mitano wanakufa kila mwaka kwa kuhara, na kati ya watoto wanaohara, wanaopewa ORS hawafiki nusu.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijazana Bongaon, upande wa India, kipindupindu kikawaingia. Dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya glukosi na chumvi kwenye maji, akatia madumuni, na ndugu wa wagonjwa ndio wakawa wanawanywesha. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Siri yake ni kwamba tumbo linaloharisha haliwezi kufyonza chumvi vizuri peke yake, lakini sukari ikiwepo huivuta chumvi ipite nayo ukutani mwa utumbo, na maji yakafuata nyuma.

Ila dawa kujulikana ni kitu kimoja na mama wa kijijini kuijua ni kingine. Hapa ndipo ninapotaka uwasomee wenzako wote 13 kwa sauti. Bangladesh hiyohiyo, kati ya 1980 na 1990, shirika la BRAC lilituma wanawake wapite nyumba kwa nyumba. Walifika kaya zaidi ya milioni 12. Pakiti hawakuwa nazo. Walifundisha chumvi ya kushika kwa vidole vitatu, gur ya kujaa kiganja, na maji yapata nusu lita. Gur ni sukari guru, ileile yetu. Mama hakuhesabiwa kuwa amefundishwa mpaka achanganye mwenyewe mbele ya mwalimu wake. Baada ya muda mkaguzi anapita katika nyumba chache, anauliza, na mshahara wa mwalimu unatoka kwa kadiri mama anavyokumbuka! Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Mimi kwa mpango ule miaka yangu ya mwanzo ningelala njaa. Na walipochunguza kwa nini kina mama wengine hawaitumii, wakakuta baadhi ya walimu wenyewe hawaiamini: wakihara wao, wanakimbilia vidonge. Ikabidi kwanza waaminishwe walimu, kisha wainywe mbele za watu. Waume nao walikuwa wameachwa nje ya mazungumzo, wakawa wanapinga, hadi walipoanza kukutana nao wao pia.

Kwa nini ningelala njaa? Nilikuwa muuguzi mbichi. Mama mmoja alikuja na mtoto anaendesha, nikampa pakiti mbili na maneno matatu: "Changanya kwa lita." Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Kesho yake karudi mtoto hajiwezi, ulimi umekauka, analia bila machozi. Nikamuuliza umechanganyaje. Akanionesha kikombe cha chai. Pakiti nzima kwenye kikombe! Nyumbani kwake hakukuwa na kitu kinachoitwa lita, na mimi sikuuliza. Chumvi ile nzito ilimzidishia kiu na maradhi. Alipona, alhamdulillahi, baada ya siku nne za kulazwa. Mama yule hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kwa hiyo ungekuwa ni mfuko wangu, ningeanza bila kutoa hata rial moja. Mmoja wenu akija likizo aende kwa sheha, kisha kwa mkuu wa kituo cha afya mnachokitegemea, aulize: katika miezi sita iliyopita, siku ngapi ORS na zinki, vile vidonge anavyopewa mtoto anayehara, zilikosekana? Wanaandika, vitabu vipo. Akae na mhudumu wa afya ya jamii, amsikilize kuliko atakavyomsikiliza mwanasiasa. Kama tatizo ni dawa kukatika, ongeeni na wilaya muone mtakavyoziba pengo kwa njia yao, msifungue duka lenu pembeni. Kama dawa zipo na watu hawazitumii, basi kazi yenu ni kina mama, na kina bibi, na hao waume. Wapeni posho wanawake wanne watano wa palepale wafundishe nyumba kwa nyumba, kila nyumba wakiacha chupa iliyopigwa alama ya lita moja kwa rangi isiyofutika. Na baada ya mwezi apite mtu mwingine akague, kwa kuonja.

Na pesa msizimalize mwaka mmoja. Nilikuwa mtoto mdogo wapuliziaji wa malaria walipokuwa wakipita kwetu; namuona mama akitoa masufuria na mikeka uani, na harufu ya dawa ikikaa ukutani siku kadhaa. Kazi ile ilianza 1958, na kufikia 1968 malaria Pemba ilikuwa imebaki kidogo mno. Basi ikaonekana imetosha, mpango ukasimamishwa. Malaria ikarudi kana kwamba haikuondoka. Tulihangaika nayo miongo mitatu na zaidi, mpaka ilipokuja dawa mseto 2003, kisha vyandarua vyenye dawa na upuliziaji mpya, wanaokutwa nayo wakashuka chini ya mmoja katika kila watu 100. Igaweni rial 2,400 kwa miaka mitatu. Ikibaki, tengenezeni choo na mfereji wa maji pale kituoni, maana mara nyingi mtu huenda na ugonjwa mmoja akarudi na wa pili.

Jiwe, kama lazima liwepo, liandikeni jina la yule mtoto.

*Bi Muuguzi, shikamoo. Mwanangu ana mwaka na nusu, tangu jana anaharisha maji. Mama mkwe anasema nimnyime maji ili tumbo likauke. Wifi yangu anasema nimpe soda iliyotolewa gesi. Jirani anasema dafu. Nimsikilize nani?*
*— Mama wa wawili, Tanga*

Marahaba mwanangu. Mkwe usigombane naye, hata mimi nilifundishwa hivyo na bibi yangu. Mwambie tumbo si mfereji wa kufungwa: maji yanatoka utake usitake, na usipoyarudisha mtoto anakauka. Soda hapana, sukari yake ni nyingi na huyavuta maji ya mwilini yazidi kutoka. Dafu si baya kama kinywaji, lakini chumvi yake ni ndogo, halichukui nafasi ya ORS.

Pakiti ya lita moja ichanganye kwenye lita moja kamili ya maji salama. Huna kipimo? Chupa mbili ndogo za maji, zile za nusu lita, ndiyo lita yako. Angalia usije ukatumia ile ndefu, ni lita moja na nusu. Huna pakiti? Lita moja ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo, si vya mlima. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Kila akiharisha mpe kama robo au nusu kikombe, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika ngoja dakika 10, anza tena polepole. Ikipita siku moja mwaga, changanya mpya. Nyonyesha kama bado ananyonya, na uji apewe.

Zinki mpe kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama choo kitakuwa kimeshashika siku ya tatu. Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa nusu kidonge. Akiwa na damu kwenye choo, macho yamezama, hawezi kunywa au amelegea, usimalize kusoma jibu hili. Mbebe uende hospitali.

*Bi Muuguzi, mimi nimestaafu, nashinda maskani ya kahawa. Nilipokuwa kijana tuliambiwa afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Ikapita. Wakasema 2015. Ikapita. Sasa wanasema 2030. Hawa wakubwa wa dunia wanatucheza shere?*
*— Mzee wa Kahawa, Mombasa*

Shikamoo mzee wangu, kama wewe ni mkubwa kwangu. Kama si mkubwa, basi tuiache salamu njiani. Ahadi ya mwaka 2000 naijua sana, ilitolewa kwenye mkutano wa afya wa dunia huko Alma-Ata, Kazakhstan ya leo, 1978, mwaka uleule kipindupindu kilipoingia Zanzibar katika kijiji cha wavuvi. Tarehe zao sizitetei. Lakini mwaka 1990 dunia ilizika watoto zaidi ya milioni 12 wa chini ya miaka mitano, na mwaka 2022 ilizika milioni 4.9, ingawa watu wameongezeka. Milioni 4.9 bado ni aibu. Kucheza shere lakini hakupunguzi makaburi kiasi hicho.

Na kuna habari ya jirani zenu, ipelekee maskani. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui ya kuambukizana mitaani alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Marka, Somalia, Oktoba 1977. Alipanda gari moja na wagonjwa kwenda kuwaonesha njia, safari fupi tu. Kufanya kazi hospitali na bado alikuwa ameikwepa chanjo, kaogopa sindano! Akapona, na hakuna aliyeambukizwa naye. Mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imekwisha. Uzeeni Maalin akawa anazunguka kuwashawishi wazazi wachanje watoto polio, akiwasimulia ujinga wake mwenyewe. Alifariki 2013, kazini kwenye kampeni hiyo, na kilichomuua ni malaria.

Na wewe msomaji uliyenitumia picha ya nepi ya mtoto: nimeiona, nilikuwa mezani. Hakuna damu. Endelea na zinki mpaka siku ya 10, na picha nyingine sihitaji.