Fundi Anajibu: Mfuko wa Kuogelea Unanuka na Bado Unavuja

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimeshona mwenyewe mfuko wa kanga wa kubebea taulo na nguo za watoto tukienda kuogelea baharini Raskazone. Ndani nimetia bitana ya kitambaa cha meza cha plastiki ili maji yasipite, na juu nimeweka zipu ya chuma. Safari ya nne tu, mfuko unanuka uvundo, umetoka vidoa vyeusi, zipu imegoma, na maji bado yanachuruzika kwenye mshono wa chini. Jirani ananiambia niyeyushie mshumaa kwenye mshono, fundi viatu ananiambia supaglu. Nifuate lipi?
Mama wa watatu, Makorora, Tanga

JIBU: Usifuate hata moja, dada yangu. Na hiyo supaglu usiifungue kabisa karibu na kanga. Gundi ile ikimwagika kwa wingi kwenye pamba inapata joto kali la ghafla, inaweza kutoa moshi na kukubabua vidole. Ikishapoa inakuwa ngumu kama ukucha, na mfuko ni kitu cha kukunjwa kila siku, kwa hiyo inakatika palepale penye mkunjo na kitambaa kinakatika nayo. Mshumaa angalau haumuumizi mtu, lakini nta inapasuka kwenye mikunjo, na siku utakayousahau mfuko juani italainika na kuhamia kwenye taulo.

Mifuko kama wako naletewa hapa Ngamiani karibu kila Jumatatu. Zamani nguo mbichi ziliingia kwenye rambo, mkifika nyumbani rambo linatupwa, yamekwisha. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, watu wameamua kuishona ile plastiki ndani ya mfuko wa kitambaa, moja kwa moja, isitoke tena. Hapo ndipo kosa lilipo. Wewe unaniuliza namna ya kuziba. Mimi nakwambia mfuko wako umezibwa kupita kiasi.

Juzi nimefumua mmoja wa namna hiyo. Kati ya kanga na plastiki palikuwa na unyevu, ingawa mwenyewe aliapa kwamba hajautumia wiki nzima. Kuvu limetapakaa kama pilipili manga iliyosagwa. Kwenye kona za chini mchanga umejipanga ndani ya mshono, na kila mfuko unapotikisika mchanga ule unasugua uzi kama msasa. Meno ya zipu, yalikuwa ya shaba, yamefanya ukoga wa kijani.

Chumvi ndiyo mchawi. Inavuta unyevu wa hewani. Si unaona chumvi ya jikoni inavyolowa kwenye kopo wakati wa masika? Nguo iliyoloa maji ya bahari ukaianika bila kuisuuza, mchana itakauka, jioni itarudi kuwa mbichimbichi. Sasa ifungie ndani ya plastiki, hapa kwetu na joto hili la pwani. Kuvu litakosaje?

Na kuvuja kwenyewe tukupigie hesabu. Tuseme mfuko una upana wa sentimita 40 na kimo cha 45. Mshono wa chini na wa pande mbili ni sentimita 130. Cherehani ikipiga hatua ya milimita 3, umetoboa plastiki mara 400 na zaidi kidogo. Ukiona inavuja ukarudia mshono "kuimarisha", yamekuwa 800. Kitambaa chenyewe hakipitishi maji, sawa, lakini sindano imeshapita.

Fumua bitana yote. Loweka kanga kwenye maji baridi, nina maana yasiyo ya chumvi, kisha fua kwa sabuni na uanike juani ikiwa imepinduliwa. Jiki usitie, itakula rangi kabla ya doa. Na vidoa vingine havitatoka, vizoee. Kata sehemu ya chini, upana wa kiganja, uweke neti ya nailoni ile ya mabegi ya michezo. Maji yatoke, mchanga utoke. Tafadhali isiwe chandarua cha dawa kilichochakaa: dawa ile haina kazi kwenye nguo za mtoto, na ni sumu kali kwa samaki.

Cha kulinda kiti cha bajaji kiwe kifuko cha pembeni kinachoingia na kutoka. Kitambaa chako cha meza kinafaa. Kikate kipande kimoja kirefu, kikunje katikati ili chini pawe na mkunjo na si mshono, halafu shona pande mbili tu. Maji yanakaa chini, na chini hapana tundu. Mkifika nyumbani nguo zitoke humo kabla hata hujavua viatu.

Zipu weka ya plastiki, au acha kabisa utumie kamba ya kuvuta. Uzi uwe wa poliesta, wa pamba unaoza. Kanga sindano namba 14 inatosha, kwenye mikanda panda 16. Mikanda isiishie pale juu kwenye upindo, iteremke hadi ipite chini ya mfuko na kurudi upande wa pili. Taulo tatu zilizoloa si mzigo wa kuning'iniza kwenye mishono miwili. Ukishona mwingine, ifue kanga kabla ya kuikata, maana pamba mpya hurudi, yaani hunywea ikifuliwa.

Nina ugomvi wa siku nyingi na hili neno "haipitishi maji". Wauzaji wanalibandika kwenye kila kitu chenye kung'aa: begi, koti la mvua, kifuko cha simu. Mengi ya hayo ni kitambaa cha kawaida kilichopakwa utando mwembamba upande wa ndani, na joto pamoja na unyevu wa huku kwetu huubandua kama unavyobanduka kwenye makochi ya ngozi ya bandia. Mwaka wa kwanza begi ni la maana, baadaye linanata na kumwaga magamba. Muulize muuzaji mishono imezibwa na nini. Akianza kukumwagia maji juu ya kitambaa kukuonyesha yanavyoteleza, ondoka, hujamuuliza kitambaa.

Wapo wanaolichukulia neno hilo mbali zaidi. Mwezi uliopita kijana kaja na mfuko wa turubai, anataka nizibe mishono ujae upepo, wadogo zake waushikilie wakijifunza kuogelea maji yakijaa. Nilimrudishia mfuko wake na hela yake.