Barua kwa mwanangu: Byron, kompyuta na gari namba 24

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa mkeo na kwa mjukuu wangu. Umeniuliza kama ni kweli dereva Mmarekani William Byron alitoka kwenye mchezo wa kompyuta akaingia moja kwa moja NASCAR, mashindano makubwa ya mbio za magari ya Marekani. Na ikiwa ni kweli, huyu kijana wetu wa miaka 14 anayekesha kwenye iRacing, programu ya kompyuta ya mbio za magari, aachwe aendelee, au ameshachelewa?

Habari ya kompyuta ni kweli. Hiyo "moja kwa moja" ndiyo watu wameipamba.

Byron alizaliwa Charlotte, North Carolina, tarehe 29 Novemba 1997. Alipoanza kukaa kwenye gari la kweli la mbio, alikuwa kijana wa kubalehe, na kwa mchezo huu huo ni uzee: Joey Logano, dereva mwenzake wa NASCAR, alikuwa bingwa wa vigari vya watoto kabla hajatimiza miaka 10. Kilichomfidia Byron ni mamia ya mbio alizokimbia kwenye iRacing. Viwanja vya programu ile vimepimwa kwa leza, hata matuta madogo ya lami yamo, kwa hiyo akifika uwanja mgeni anajua tayari pa kushika breki na pa kurudisha mguu kwenye mafuta.

Ila kompyuta hufundisha macho na mikono tu. Mkia wa gari ukianza kuteleza, dereva huusikia kiunoni kabla hajauona. Mbele ya skrini, ukija kuuona umeshachelewa. Halafu kuna joto, ambalo ndani ya gari hupita digrii 50, na kuna gharama. Kwenye programu ukibamiza ukuta unabonyeza kitufe, gari linarudi jipya. Kijana aliyezoea hivyo huingia kona kwa kasi mno, na anapopelekwa kwenye gari la kweli hilo ndilo humponza kwanza.

Ndiyo maana darasa lake la kwanza lilikuwa gari la Legends. Ni kigari chenye umbo la magari ya Kimarekani ya miaka ya 1930 na 1940, kimepunguzwa hadi tano kwa nane ya ukubwa wake. Kina injini ya pikipiki ya Yamaha na uzito wa kilo 590 hivi pamoja na dereva. Injini hufungwa kwa lakiri, usiweze kununua nguvu ya ziada. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yamekaribiana, kama sentimita 185 tu, na matairi ni magumu; ukikanyaga mafuta kwa pupa, kinazunguka kama pia. Mguu wa pupa haudumu humo. Mwaka 2013 Byron alishinda zaidi ya mara 30 kwa magari hayo.

Mwaka 2014 akahamia late model, gari kubwa zaidi la mbio za viwanja vidogo, katika JR Motorsports, timu ya dereva mashuhuri Dale Earnhardt Jr., na 2015 akatwaa ubingwa wa K&N Pro Series East, mashindano ya NASCAR ya ngazi ya chini upande wa mashariki. Mapema 2016 alikuwa ameshatimiza miaka 18, umri unaotakiwa kwa viwanja vikubwa, akaweza kukimbia msimu mzima wa mbio za pikapu, daraja la tatu la NASCAR, kwa timu ya Kyle Busch Motorsports.

Msimu huo utazame kwa makini. Kipimo cha dereva pale ni mdomo wake kwenye redio ya kuongea na mafundi. Akisema tu "gari baya", mafundi hawana la kufanya. Aseme: pua linasukumia ukutani katikati ya kona, au mkia unakimbia ninapotoka. Hapo fundi huingiza spana ndefu kwenye tundu la kioo cha nyuma na kuzungusha skrubu iliyo juu ya springi. Akiikandamiza springi ya kushoto nyuma, uzito huongezeka kwenye tairi hiyo na ile ya kulia mbele, mkia unatulia. Akizidisha, gari linagoma kukata kona. Nusu mzunguko wa spana hutosha kubadili mbio, ndiyo maana taarifa ya ovyo ni mbaya kuliko kunyamaza.

Byron alishinda mara 7 mwaka ule, na ubingwa akaukosa. Kule Phoenix, mbio ya mwisho kabla ya fainali, alikuwa akiongoza injini ikafa imebaki kama mizunguko 10. Akakosa nafasi kati ya madereva wanne tu wanaogombea taji kwenye fainali. Wiki iliyofuata akaenda kwenye fainali yenyewe, Homestead, akashinda, lakini kombe lilikwenda kwa Johnny Sauter. Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi: hata kijana huyu aliyesifiwa sana aliangushwa na chuma.

Mwaka 2017 alikuwa bingwa wa Xfinity, daraja la pili la NASCAR, na 2018 akapanda Cup, daraja la juu kabisa, akapewa gari namba 24 la timu ya Hendrick, namba ya bingwa wa zamani Jeff Gordon. Akaitwa chipukizi bora wa mwaka, bila kushinda hata mbio moja. Ushindi wa kwanza wa Cup ulikuja Daytona, Agosti 2020, katika mbio yake ya 98.

Sasa huyu kijana. Hajachelewa, ila usimhesabie ushindi. Hesabu makosa: iRacing humwandikia alama 1 ya kosa akitoka nje ya lami, 2 akipoteza gari, 4 akigonga mwenzake kwa nguvu. Mpe mizunguko 20 mfululizo, tairi zile zile, na muda usipishane zaidi ya sekunde 0.2. Kila anaposimama mwulize gari lilifanya nini kuingia kona, katikati na kutoka. Akishindwa kujibu, usinunue kitu. Akijibu vizuri miezi mitatu, mkodishie Legends kwa siku moja ya mazoezi, siyo ya mashindano, kisha niandikie majibu yake jinsi alivyoyasema mwenyewe.

Baba yako