Swali la lugha: Tunafanya yoga, tunacheza yoga ama tunapiga yoga?

Swali ni la dada mmoja wa Kasarani: "Habari mwalimu. Nimeanza kwenda yoga Jumamosi pale Karura na kwa grupu yetu watu wanabishana. Kuna wanaoandika 'kucheza yoga', kuna wa 'kufanya', na mmoja anashikilia 'kupiga yoga'. Alafu ni yoga hii ama yoga hizi? Na zile pozi tuziite nini kwa Kiswahili?"

Njema dadangu. Nimalize ngeli kwanza juu ndo rahisi. Ni yoga hii, yoga yetu, yoga imeninyoosha mgongo. Iweke pamoja na chai, sukari na amani kwa ile ngeli ya I-I tuliyosoma shule, haina wingi, so ukitaka kutaja nyingi sema aina za yoga. Na uyoga wa kula hauna undugu wowote nayo.

Kitenzi ndo kina maneno. Kucheza kunabeba vitu vingi, mpira, ngoma, kadi, hata karate watu wanacheza, lakini ukiangalia vizuri utapata kuna mpinzani, ama kuna mdundo, ama kuna watu wa kutazama. Yoga haihitaji hata kimoja. Ilianzia India, zamani sana, na jina ni la Kisanskriti kutoka mzizi yuj, maana yake kuunganisha, kufunga nira vile ng'ombe wa kulima wanafungwa, na kilichotakiwa kufungwa hapo mwanzo ilikuwa akili isitangetange. Patanjali, yule anayehesabiwa kuwa ndiye alikusanya zile kauli fupi fupi za Yoga Sutra, kitabu cha kale cha yoga, anaeleza mapema kabisa, kauli ya pili tu, kwamba yoga ni kutuliza misukosuko ya akili. Alafu anapanga hatua nane, na hapa ndo watu wengi wanashangaa, juu haanzi na kujikunja. Anaanza na tabia: usidhuru, sema kweli, usiibe. Mwili unaingia hatua ya tatu, pumzi ya nne, baadaye ni kazi ya akili mpaka ule utulivu wa mwisho unaoitwa samadhi. Kitu kama hicho ukisema unakicheza umekipunguza, na kumbuka tuna majirani Wahindu Parklands na Ngara ambao wengi wao yoga kwao ni sehemu ya imani. Mimi nasema kufanya, ama mazoezi ya yoga, na sitabadilisha.

Kupiga je? Kiswahili kinapiga pasi, simu, mswaki, magoti, mpaka tizi, so kupiga yoga kimuundo haina kosa. Ni ya mtaani. Kwa grupu andikeni, kwa tangazo ama insha wekeni kufanya.

Kuna pia "kusali yoga", hii naisikia kwa watu wa kanisa wenye wasiwasi, na wasiwasi wao siudharau, asili ya yoga ni ya dini kweli. Lakini darasa la Jumamosi mara nyingi ni mwili na pumzi, na sehemu kubwa ya mitindo inayofundishwa leo imetokana na Krishnamacharya, mwalimu wa yoga aliyekuwa akifundisha Mysore kule India miaka ya 1930, wanafunzi wake kina Iyengar na Pattabhi Jois wakaisambaza duniani. Anayesali sema anasali, anayejinyoosha sema anafanya yoga.

Sasa pozi. Pozi waachie wapiga picha, sisi tuko na neno zuri zaidi: mkao, wingi mikao. Neno la Kisanskriti ni asana na lenyewe linatoka kwa kukaa, kuketi, yaani mkao umelingana nalo mpaka mzizi! Patanjali alitaka mkao uwe imara na uwe wa raha, basi, hakuandika orodha ndefu ya kujipinda. Hata Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, kinaeleza mikao 15 tu, hii mingine mingi imeongezeka baadaye.

Na mwalimu wenu anaweza kuendesha darasa lote kwa Kiswahili bila kukwama, naomba ajaribu: keti, kunja miguu, nyoosha mgongo, piga magoti, chuchumaa, inama, lala kifudifudi, geuka ulale chali, vuta pumzi, toa pumzi taratibu. Hizi ni amri tulizozijua kabla hata ya kwenda shule. Majina ya mikao yanatafsirika pia, mkao wa mti, mkao wa mbwa, mkao wa swila. Ule wa mwisho mnapolala chali kimya unaitwa savasana, na shava ni maiti, so ni mkao wa maiti, najua kuna watakaoshtuka na kutaka uitwe mapumziko lakini mimi ningeliacha jina lake, mwili unatakiwa ulegee hivyo hivyo.

Ulikuwa hujauliza lakini utauliza: mtu mwenyewe anaitwaje? Yogi tumwachie aliyeitoa maisha yake kwa hiyo njia. Wewe wa Karura napendekeza mwanayoga, kama mwanariadha, na mkiwa wengi wanayoga.