Fundi Anajibu: Viti Vipya kwenye Boti ya Alumini

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi na shemeji yangu tuna boti ndogo ya alumini ya futi 14, ambayo tunaivulia Naivasha mwisho wa juma. Ina mabenchi matatu yaliyopigwa ribiti, na mbao zilizokuwa juu yake zimeoza. Tunataka kung'oa mabenchi mawili ili tupate nafasi, kisha tufunge viti vya kuzunguka vyenye mgongo. Fundi mmoja wa vyuma huku kwetu anasema hiyo ni kazi ya nusu siku. Je, tumpe kazi? – Msomaji, Kasarani.

JIBU: Mwambieni asubiri kwanza. Kung'oa kwenyewe huenda kukamalizika nusu siku kama anavyosema, lakini boti mtakayobaki nayo haitakuwa ile mliyoinunua. Benchi linalotoka ubavu mmoja hadi wa pili ndilo linalozuia mbavu za boti kutanuka na kubanana kila wimbi linapoipiga, kwa kuwa bati la alumini la boti za ukubwa huo, ambalo unene wake kwa kawaida hauzidi sana milimita mbili, haliwezi kustahimili peke yake. Mkiliondoa bila kuweka kiungo kingine cha kushikilia mbavu, ribiti za chini zitaanza kulegea moja moja na maji yatapenyeza.

Jambo jingine limefichika ndani ya benchi. Kwa kawaida mtengenezaji hujaza humo povu gumu la kuielesha boti ikijaa maji. Benchi la urefu wa sentimita 120, upana wa 30 na kimo cha 30 lina nafasi ya lita 108, na kwa kuwa kila lita ya maji inayosukumwa kando hubeba takriban kilo moja, benchi hilo moja linaweza kushikilia karibu kilo 100 zisizame. Mkiondoa mawili, mmeondoa kinga yenu kubwa siku boti itakapopinduka. (Ziwa lenyewe lina viboko, na sidhani kama kuna anayetaka kuogelea nao.)

Ushauri wangu, basi, ni kuyaacha mabenchi mahali pake na kufunga viti juu yake. Anzeni kwa kuondoa mbao zilizooza zote, hata vipande vilivyoganda kwenye kona. Chini yake huenda mkakuta unga mweupe na vitundu vidogo vidogo katika alumini. Huo ni ulikaji unaoletwa na ubao unaokaa na maji mwaka mzima. Sugueni kwa brashi ya nailoni, wala si ya waya wa chuma, kwa maana chembe za chuma zinazobaki huendeleza ulikaji uleule. Gongeni benchi kwa vifundo vya vidole kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine: mahali ambapo sauti inakuwa nzito na butu, yaelekea povu limenyonya maji na inafaa libadilishwe. Msitumie lile povu jeupe la kufungia televisheni mpya ndani ya boksi, kwa sababu petroli ikilimwagikia huyeyuka.

Sasa tuje kwenye ubao mpya, na hapa ndipo watu wengi wa Nairobi hujiletea hasara wakidhani wanajikinga. Muuza mbao atakusifia mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, kwamba hazijui mchwa wala kuoza. Ni kweli kwa nguzo za ua. Lakini dawa hiyo ina shaba, na shaba iliyolowa ikigusana na alumini huila alumini polepole. Nunueni plaiwudi ya baharini ya milimita 18 isiyotiwa dawa, muipake epoksi (gundi ya kupaka inayokauka ikawa ngumu na kuzuia maji) mara mbili au tatu pande zote, na kwa uangalifu zaidi kwenye kingo na ndani ya kila tundu baada ya kulitoboa, maana hapo ndipo maji huanzia.

Kwa kuwa chini ya uso wa benchi pamejaa povu, hamtaweza kuingiza mkono kukaza nati. Kwa hiyo fungeni sahani ya kiti (kile kibamba kinachokaa chini ya kiti na kukishikilia) kwenye ubao kwanza, mkiwa mezani, kwa bolti zinazopita ubao wote, na nati ziingie katika vishimo vilivyochimbwa upande wa chini. Wekeni washa pana chini ya kila nati. Kisha lazeni ubao juu ya benchi na muushike kwa vipande vya alumini vya pembe, upande wa mbele na wa nyuma wa benchi, kwa ribiti za alumini za milimita 4.8 zilizopakwa silanti ya baharini (gundi laini ya kuziba maji) kabla ya kubanwa. Skrubu za kujitoboa zisitumike hata moja. Bati jembamba halizishiki, na mtu akiegemea mgongo wa kiti zitang'oka. Matundu yote yawe karibu na uso wa juu wa benchi, na keekee isielekezwe kabisa kwenye sakafu ya boti.

SWALI: Boti yetu tunaivuta kwa trela, na wakati mwingine tunaipeleka Kilifi. Je, bolti za kawaida za dukani zitafaa? – Msomaji, Embakasi.

JIBU: Hazitafaa. Angalieni kichwa cha bolti: ya chuma kisichoshika kutu kwa kawaida hupigwa chapa A2 au A4. A2 inatosha kwa maji baridi ya Naivasha. Kwa maji ya chumvi chukueni A4. Hata hivyo chuma hicho nacho huidhuru alumini penye chumvi, kwa hiyo vitenganisheni kwa washa ya nailoni na silanti. Pakeni grisi kwenye nyuzi na mkaze kwa mkono, kwa kuwa nati za aina hii zikikazwa kwa mashine ya kasi hung'ang'ania zisifunguke tena. Kabla ya kuteremka Mai Mahiu, ving'oeni viti mviweke ndani ya gari. Upepo wa barabarani hufungua migongo yake na kuivunja bawaba.

SWALI: Ndugu yangu anataka kiti chake kiwekwe juu ya mlingoti mrefu (nguzo ya kukiinua kiti) ili aone mbali anapotupa ndoano. Mimi naogopa. – Msomaji, Lang'ata.

JIBU: Una sababu ya kuogopa. Mtu wa kilo 80 akiinuliwa sentimita 30, boti nyembamba hulalia upande kwa urahisi zaidi, na upepo wa mchana wa Naivasha hauchagui. Mlingoti mrefu utumike boti ikiwa imesimama tu. Injini ikiwaka, kila mtu ashuke kwenye kiti cha chini. Kabla ya kutoboa chochote, kishikeni kiti kwa jiliwa mahali mnapokusudia, vaeni maboya, msukume boti hadi maji ya kiunoni, kisha ndugu yako akae na kuegemea upande mmoja huku wewe ukiwa upande huohuo. Ukingo ukikaribia maji, kateni mlingoti au mkisogeze kiti kuelekea katikati, na mjaribu tena.